Mjadala: Vita ni wazimu, au tunawasingizia wagonjwa?

Ndugu zangu, naomba tuijadili filamu ya Kirusi Dom durakov (yaani Nyumba ya Wapumbavu), iliyoongozwa na Andrei Konchalovsky na kutunukiwa Tuzo Kuu Maalumu ya Majaji katika tamasha la Venice mwaka 2002. Kisa kinatokea mwaka 1996, wakati wa vita vya kwanza vya Chechnya, jimbo la kusini mwa Urusi lililotaka kujitenga, katika hospitali ya magonjwa ya akili iliyo katika jimbo jirani la Ingushetia, karibu na mpaka wa Chechnya. Wahudumu wanaondoka, wagonjwa wanabaki peke yao, kisha wanaingia wapiganaji wa Chechnya na baadaye wanajeshi wa Urusi. Miongoni mwa wagonjwa yumo Zhanna, mpiga kodiani anayeamini kwamba mwimbaji Bryan Adams ni mchumba wake, mpaka mpiganaji mmoja, Akhmed, anapomtania kuwa atamwoa, naye akaamini.

Wanaoisifu filamu hii husema inatufunulia kwamba wazimu wa kweli uko kwa wenye bunduki, na utu uko wodini. Napinga kauli hiyo. Desemba 1994 majeshi yaliingia Chechnya kwa amri iliyotoka Moscow, kwa viongozi wenye akili timamu, waliokuwa na ramani, washauri na nafasi ya kufikiri, na majira yale ya baridi mji mkuu wake, Grozny, ukabomolewa kwa mizinga na mabomu ya ndege. Tukiuita uamuzi wa namna hiyo wazimu, tunampa aliyeamua udhuru asiostahili, na papo hapo tunamtwika mgonjwa jina la uovu ambao hakuutenda wala hakuulizwa. Jambo hili ni zito zaidi nchini Urusi, ambako enzi za Kisovieti wapinzani wa serikali walifungiwa katika hospitali za aina hiyo kwa kubandikwa ugonjwa wasiokuwa nao, hadi chama cha madaktari wa akili wa Kisovieti kikajitoa katika shirikisho lao la dunia mwaka 1983.

Wema wa wagonjwa hawa nao umetiwa chumvi. Mgonjwa aliyetelekezwa vitani anahitaji dawa, chakula na mtu wa kumlinda, lakini filamu, kwa maoni yangu, inayapita hayo upesi ili iwahi mapenzi ya Zhanna.

Ipo sehemu moja ninayoiheshimu sana: mwishoni Akhmed anajificha kati ya wagonjwa, akisema kwamba yeye pia ni mgonjwa na anahitaji msaada. Hapo hakuna fumbo, kwa kuwa vita huharibu akili za wanaovipigana na za wanaopigiwa, na laiti kisa kizima kingefuata njia hiyo badala ya kuwafanya wagonjwa malaika.

Baadhi ya tunaowaona katika filamu hii ni wagonjwa halisi waliochanganywa na waigizaji. Kwa hiyo anayeitetea anijibu hili kwanza: mtu aliye chini ya uangalizi wa hospitali anawezaje kukataa kupigwa picha, ikiwa wanaomwomba ridhaa wameruhusiwa na walewale wanaomtibu?