Ushauri: Seva ya SACCOS yetu inabahatishiwa nywila usiku na mchana, nianzie wapi na niripoti kwa nani?

BintiUluguru

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za muda huu.

Natunza seva ya SACCOS ya walimu hapa Morogoro. Sijaajiriwa kwa kazi hiyo, mimi ni mwalimu wa kompyuta, viongozi waliniomba baada ya fundi aliyeifunga kuhama mkoa. Ni Ubuntu 22.04, tumeikodi kwa mwezi. Ndani kuna vitabu vya wanachama: akiba, mikopo, wadhamini, namba za simu.

Jana nilikuwa natafuta kinachojaza diski, nikafungua /var/log/auth.log, faili ambamo seva huandika kila anayejaribu kuingia. Usingizi uliisha hapo hapo. Mistari ya namna hii inashuka bila kukoma (anwani nimezibadilisha):

Failed password for root from 203.0.113.77 port 48122 ssh2
Failed password for invalid user oracle from 198.51.100.23 port 60214 ssh2
Failed password for invalid user pi from 203.0.113.9 port 51870 ssh2
Failed password for mhasibu from 192.0.2.140 port 39518 ssh2

Nimehesabu, tangu Jumapili imefika 41,386. Je, tumeshaingiliwa? Nizuieje? Na nikitaka kutoa taarifa, naipeleka wapi? Hela za watu hizi wakuu, wengine ndiyo kiinua mgongo chao. Natanguliza shukrani.

FundiNondo

Pole sana dada. Seva yoyote yenye anwani ya wazi ikiacha wazi mlango wa 22, ule wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), itabishiwa hodi tu. Wengi wa hao si watu, ni mashine zilizoambukizwa: kamera ya duka la mtu, ruta ya nyumbani, seva ya mwenzio iliyotelekezwa. Mirai ya 2016, programu iliyoambukiza vifaa vya namna hiyo, ilikuwa na orodha ya majina na nywila za kiwandani kama sitini tu, na ikaingia kwenye vifaa mamia ya maelfu. Hao walioandika "oracle" na "pi" wanapita kila mlango duniani, hawakujui.

Kwa hiyo hesabu ya waliokosea weka kando. Tafuta waliopatia:

sudo zgrep "Accepted" /var/log/auth.log*

Kila mstari utakaotoka, ujue ni nani, alikuwa wapi, saa ngapi. Ukibaki hata mmoja usio na mwenyewe, rudi hapa haraka.

KirumbaBoy

Weka fail2ban, hamisha SSH kwenda mlango 2222, habari imeisha. Mimi hivyo tangu 2019, kimya.

mswahili_kisauni

Ndugu yangu Kirumba, kuhama mlango kunapunguza kelele kwenye logi, na hilo ni jema, lakini anayekutafuta wewe atauona mlango mpya kwa dakika chache. Fail2ban nayo, usipoigusa, humfungia aliyekosea mara 5 ndani ya dakika 10, na humfungia dakika 10 tu. Siku hizi anwani moja hujaribu mara mbili ikapisha nyingine, kwa hivyo haimnasi. Iweke, ila usiitegemee peke yake.

Bi_Mkunazini

Jamani, mbona mstari wa nne mmeupita?

Tazameni. Kwa oracle na pi seva imeandika "invalid user", yaani jina hilo halipo. Kwa mhasibu haikuandika. Huyo mtumiaji yupo. Na roboti inayozunguka dunia nzima haijui neno "mhasibu". Mwanangu, hebu angalia kama tovuti ya chama chenu imebandika baruapepe za viongozi: mwenyekiti@, katibu@, mhasibu@. Kisha tafuta kwenye logi kama na hayo majina mengine yamejaribiwa.

BintiUluguru

Bi Mkunazini, umeona mbali. Yote matatu yamo, kwa mpangilio ule ule wa ukurasa wa mawasiliano. Na mengi yanatoka 192.0.2.140.

Sasa kuna hili, na mikono inanitetemeka. Nimetafuta "Accepted". Yangu nayajua yote. Lakini kuna moja ya mhasibu, juzi saa 19:42, kutoka anwani nisiyoijua. Ofisi hufungwa saa kumi jioni.

FundiNondo

Andika timedatectl kwanza. Seva nyingi za kukodi husoma UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kama yako ni hivyo, 19:42 ni 22:42 kwetu, saa nne na dakika 42 usiku. Usimuulize mtu alikuwa wapi saa moja jioni wakati unamaanisha saa nne.

Kisha piga whois kwenye hiyo anwani uone ni ya mtandao gani, na umpigie mhasibu simu. Simu, si baruapepe. Huku ukisubiri, kagua faili za authorized_keys za kila mtumiaji (funguo zinazoruhusiwa kuingia), crontab zote (kazi zinazojiendesha kwa ratiba), na /etc/passwd (orodha ya watumiaji) kama kuna jina geni.

Ikionekana si yeye, usifute kitu. Chukua nakala ya diski nzima kwa mtoa huduma wako, itenge seva na mtandao, halafu ujenge mpya kutoka nakala ya kabla ya siku hiyo. Seva iliyoingiliwa haisafishwi ikaaminika tena.

BintiUluguru

Ni UTC kweli. Anwani ni ya mtandao wa simu wa hapa hapa Tanzania. Nimempigia mzee, alikuwa Dodoma msibani, na usiku ule alivuta nakala ya vitabu kwa WinSCP (programu ya kuhamisha faili kwa SSH) kwa bando la simu kama afanyavyo kila siku. Muda unalingana. Funguo na crontab ni safi.

Nikamuuliza nywila yake. Ni jina la SACCOS na mwaka iliosajiliwa. Vyote viwili viko kwenye tovuti. Nimeibadilisha kabla hatujakata simu.

Bi_Mkunazini

Alhamdulillah. Sasa twende kwenye kuripoti.

Whois hiyo hiyo ndiyo itakupa pa kupeleka. Anwani za Afrika ziko kwenye daftari la AFRINIC, za Ulaya RIPE, za Asia APNIC, za Marekani ya Kaskazini ARIN, za Amerika ya Kusini LACNIC. Tafuta mstari wenye neno abuse, hapo pana baruapepe ya mwenye mtandao. Yeye ndiye anayejua anwani hiyo kampa mteja gani.

Andika kifupi: anwani iliyokushambulia na mlango wake, anwani ya seva yako, tarehe na saa pamoja na kutaja UTC, halafu mistari kumi hivi ya logi kama ilivyo, isiyopambwa. Saa na mlango vina kazi yake, maana mitandao mingi huwagawia wateja wengi anwani moja. Bila hivyo hawampati mtu. Usitukane. Huyo mwenye mashine mara nyingi naye kaibiwa, hata habari hana. Na usithubutu kuirudishia mapigo, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kuingia kwenye mashine ya mtu bila idhini ni kosa hata kama yeye ndiye aliyeanza.

Zile za oracle na pi ziache, utaripoti mpaka uzeeke. Ripoti iliyotafuta majina ya viongozi wenu, na nakala uipeleke TZ-CERT, kile kitengo cha matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

mswahili_kisauni

Kwetu Kenya ni KE-CIRT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na logi hizo zinakili pembeni leo, kwa sababu Ubuntu huzungusha kila wiki na kufuta za zamani.

Sasa kufunga mlango wenyewe. Mtengenezee kila mtu ufunguo wa SSH wa aina ya ed25519, ndio utakaochukua nafasi ya nywila. Mzee autengeneze kwa programu ya PuTTYgen kwani WinSCP inaufahamu ufunguo wake. Akishaingia kwa ufunguo, ndipo uweke PasswordAuthentication no na PermitRootLogin no kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya SSH. Kabla ya kuwasha SSH upya endesha sshd -t ikague kama kuna kosa, na dirisha ulilomo USILIFUNGE mpaka uingie kwa dirisha la pili.

Kisha hakikisha kwa macho yako:

sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication

Mimi niliwahi kuandika "no" nikaenda zangu, kumbe ndani ya sshd_config.d kulikuwa na faili la cloud-init (programu inayopanga seva mpya ya kukodi) lenye "yes", na SSH hushika thamani ya kwanza inayoikuta. Wiki tatu nzima nywila zilikuwa zinakubaliwa nami nadhani nimefunga.

BintiUluguru

MREJESHO baada ya siku tisa.

Faili la cloud-init lilikuwepo. Bila kaka wa Kisauni nisingelijua. Sasa sshd -T inasema "no", na nimejaribu kuingia kwa nywila kutoka simu yangu, imenikatalia.

Niliripoti anwani tatu. Moja nilijibiwa siku ya pili: seva ya mteja wao ilikuwa imeingiliwa, wameizima. Ndiyo ile 192.0.2.140, na tangu hapo jina la mhasibu halijatokea tena kwenye logi. Ya pili nilipata jibu la mashine. Ya tatu kimya. TZ-CERT nimewapelekea zote tatu. Kwenye tovuti sasa kuna baruapepe moja tu ya ofisi.

Swali la mwisho: mzee anataka nakala ya ufunguo wake kwenye flashi, anaogopa laptop ikifa. Nimkubalie?

FundiNondo

Mkubalie, ila ufunguo uwe na nywila yake ndani, na flashi ikae kwenye sefu ya ofisi, isitembee mfukoni. Na andika jina lake na tarehe mwishoni mwa mstari wake kwenye authorized_keys. Siku flashi ikipotea utajua ni mstari upi wa kufuta.