Seva iko hai Wete, fundi anasingizia intaneti ya Pemba

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Ghala la dawa ninalofanyia kazi hapa Wete lina seva moja ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata) inayotunza hesabu zote, na kampuni moja ya Mjini Unguja, ambayo sitaitaja, inalipwa kila mwezi ili programu yake ya ufuatiliaji iiangalie seva hiyo kutoka huko usiku na mchana. Tangu walipoisimika upya, programu yao inapiga kelele kwamba seva imekufa, ilhali mfumo wa ghala, unaoendeshwa ndani ya mashine hiyo hiyo, unatoa stakabadhi kama kawaida. Kwa wiki 2 jibu lao lilikuwa hilo hilo moja: intaneti ya Pemba ni mbovu.

Ujumbe wa kosa ulisema muunganisho umekataliwa, na ulirudi papo hapo. Mtandao ukikatika, programu hungoja mpaka muda wake uishe. Kukataliwa papo hapo maana yake ni kwamba ombi limevuka bahari, limefika, na limejibiwa kuwa hakuna anayesikiliza kwenye poti 5432, mlango wa kawaida wa PostgreSQL. Nilipotazama mwenyewe nilikuta seva inasikiliza kwenye 127.0.0.1 peke yake, anwani ya ndani ya mashine isiyofikika kutoka nje, kwa sababu listen_addresses, kigezo kinachosema seva isikilize anwani zipi, huja ikiwa localhost, yaani mashine hiyo hiyo, na wao hawakuigusa. Mstari mmoja tu! Niliwaandikia, wakaubadilisha, kisha wakapakia upya mipangilio bila kuizima seva na kuiwasha tena, ilhali badiliko la kigezo hicho halifanyi kazi mpaka seva izimwe na kuwashwa tena. Siku nyingine 3 zikapotea.

Kosa likabadilika: sasa seva ilijibu kwamba anwani yao haimo katika pg_hba.conf, faili linalosema nani aruhusiwe kuingia na kutoka wapi. Hapa ndipo nilipokosa usingizi. Badala ya kuandika anwani ya mashine yao moja, waliandika 0.0.0.0/0, yaani anwani zote za dunia, na mwisho wa mstari wakaweka trust, yaani yeyote anayeifikia poti aingie kwa jina lolote, hata la msimamizi mkuu, bila kuulizwa nywila. Madeni ya wateja wetu wote yamo humo. Niliufuta mstari huo usiku ule ule, na asubuhi wakanitaka niiruhusu programu yao iingie kwa jina la postgres, yaani msimamizi mkuu mwenyewe, wakati tangu toleo la 10 la mwaka 2017 kuna pg_monitor, ruhusa ya kusoma hali ya seva tu, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa.

Nimemfungua mtumiaji mwenye pg_monitor tu, nikamwekea kikomo cha miunganisho 3 na nywila yake, na programu inasoma vizuri kwa intaneti ile ile ya Pemba. Leo ankara yao imefika, na ndani yake wametoza marekebisho ya mtandao. Logi zote ninazo, pamoja na nakala ya ule mstari wa trust. Aliyewahi kukataa ankara ya namna hii, naomba anieleze alianzia wapi.