Mizinga imebaki mitupu baada ya ukame: nyuki wanakimbia nini?

Mfugaji wa Kitui:
Wafugaji wenzangu, nawasalimu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo, na katika mizinga yangu kumi na minane ni minne tu iliyobaki na nyuki. Mvua kubwa za mwisho wa 2023 zilirudisha maua, lakini makundi hayakurudi kama nilivyotarajia. Baba yangu alijua mwezi wa kurina bila kumwuliza mtu. Mimi nikifuata kalenda yake nakuta masega makavu. Je, nyuki huhamishwa na njaa, na joto au na kiu?

Mrina asali, Manyoni:
Pole sana, ndugu. Mambo hayo hayatengani. Majana, yaani watoto wa nyuki, huhitaji joto la karibu nyuzi 35, na jua likizidi nyuki huleta maji, huyatandaza masegani na kupepea kwa mabawa, kwa hiyo visima vikikauka, wale ambao wangetafuta mbochi, yaani maji matamu ya maua, hushinda wakisaka maji ya mbali. Chakula kikipungua malkia huacha kutaga, na majana wa mwisho wakishakomaa kundi zima huondoka. Weka beseni la maji lenye vijiti na kokoto wasije wakazama, uliweke mapema kabla hawajazoea maji ya mbali, na utundike mizinga kivulini. Ile mitupu isafishe uondoe nondo, wadudu wanaokula masega, kisha uipake nta.

Mfugaji wa Makueni:
Nakubali, ila maji na kivuli havitoshi pale ambapo sisi wenyewe tumemaliza akiba yao. Mwaka mmoja nilirina masega yote nikitegemea mvua iliyochelewa, na makundi matatu yakahama, jambo ambalo bado linaniuma. Sasa naacha asali mzingani hadi nione maua mapya. Kuhusu kalenda, tazama miti badala ya miezi: kikwata, aina ya mgunga, huchanua kiangazi kikielekea mwisho, mara nyingi kabla ya mvua, na mvua kubwa ikiyapiga maua hayo mbochi huoshwa, nao nyuki hushindwa kutoka.

Mfugaji wa Kitui:
Ahsanteni. Mmenikumbusha kwamba vikwata vya kando ya mto wetu vilikatwa kwa makaa wakati ule ule wa ukame, na visiki vingine vimeanza kuchipua. Nitavizungushia miiba mbuzi wasivile, na mizinga minne iliyobaki sitairina msimu huu.