Naomba ushauri: seli zenye viini viwili kwenye tezi za nzi dume, slaidi mbovu au ndivyo zilivyo?

Mdudu_wa_Maabara: Wakuu, salaam. Nina mradi wa tezi saidizi za uzazi za nzi wa matunda dume, Drosophila melanogaster. Nimezipasua, nikapaka DAPI (rangi inayofanya viini vya seli ving'ae buluu), na karibu kila seli inaonyesha vidoa viwili vya buluu. Msimamizi anasema nimeona kuta mbili zilizolaliana, nirudie. Isitoshe, tezi nyingine zimejaa, nyingine zimesinyaa. Nirudie kweli? DAPI yenyewe imebaki kiduchu.

Kipasulio: Usitupe kitu, mkuu. Kwa nzi huyo ndivyo zilivyo. Ukuta wa tezi ni tabaka moja la seli, nje umezungukwa na misuli, na seli hizo zina viini viwili viwili. Mdudu akiwa bado pupa (hatua ya kabla ya kuwa nzi kamili), kiini hugawanyika ila seli yenyewe haikatiki. Msimamizi naye ana hoja: tezi ni mfuko, ina ukuta wa juu na wa chini. Kwa hiyo paka na faloidini, rangi inayoshika aktini, protini iliyopo kwenye mipaka ya seli. Ukiona viini viwili ndani ya mpaka mmoja, ubishi umekwisha.

MamaHadubini: Usiishie katikati ya tezi. Nenda kwenye ncha: kuna seli za aina ya pili, kubwa, za mviringo, zimejaa vakuoli (vifuko vya ndani ya seli). Ni kama 40 tu kila tezi, wakati seli kuu, yaani zile nyingine zote, ni kama 1,000. Hizo kuu ndizo zinazotoa peptidi (protini fupi) ya kumfanya jike akatae madume wengine na kuongeza kutaga. Ukizihesabu zote kwa mkupuo, ripoti haina maana.

MzeeWaMbu: Sisi tunaochunguza mbu Anopheles gambiae, tezi za dume wetu zinatoa hadi kizibo anachoachiwa jike, kinagandishwa na kimeng'enya cha transglutaminesi. Picha ya nzi usije ukaipachika kwa mbu.

Kipasulio: Kuhusu kusinyaa, hao madume walikaa na majike? Dume akitoka kupanda, tezi hupungua majimaji.

Mdudu_wa_Maabara: Chupa ilikuwa ya mchanganyiko. Kundi lijalo nawatenga wakitotolewa tu. Faloidini na DAPI naweza kupaka pamoja?

Kipasulio: Pamoja kabisa. Ila kukaza tishu (kuihifadhi isiharibike kabla ya kupaka) tumia fomaldehidi, methanoli iache kabatini. Ukiitumia, faloidini haitashika.