Mjadala: Shule ikifungwa au kuhamishwa, nani aamue, watu wa elimu au watu wa barabara?

Mleta mada:
Wakuu, hili tulijadili bila jazba. Kila shule ya umma inapofungwa, kuunganishwa na nyingine au kujengwa pembezoni mwa mji, hesabu inayopigwa ni ya madarasa: yako mangapi, wanafunzi ni wangapi, walimu wanatosha? Mtoto atafikaje pale, hilo huachiwa mzazi.

Msimamo wangu ni kwamba mahali pa shule ni suala la usafiri kabla halijawa la elimu. Kura ya kufunga au kuhamisha shule isipigwe mpaka wajumbe wanaoipiga wenyewe wametembea njia hiyo kwa miguu, asubuhi, wakiwa na mtoto wa miaka saba.

Tazameni Chicago. Mei 2013 bodi ya elimu, ambayo wajumbe wake wote waliteuliwa na meya, ilipitisha kufungwa kwa shule zipatazo 50 kwa mkupuo. Sababu zilizotolewa: madawati matupu na upungufu wa fedha. Kwenye ramani shule mpya ilikuwa mitaa michache tu mbele, ila mitaa mingine ilikuwa na mipaka ya magenge ambayo ramani haikuionyesha. Jiji likalazimika kuongeza watu wazima wa kulipwa wasimame njiani watoto wakipita, katika mpango uitwao Safe Passage. Fedha iliyookolewa darasani ikaanza kutoka tena barabarani, imevaa kizibao kinachong'aa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unatia chumvi. Nimefundisha miaka mingi. Jengo la watoto mia sita likibaki na mia moja na hamsini, mwalimu mmoja anabeba madarasa mawili, maabara inafungwa kwa kufuli na maktaba inageuka stoo. Ukaribu wa shule ya namna hiyo unamsaidia nini mtoto? Afadhali aende mbali akafundishwe. Wekeni basi la shule, yaishe.

Mchangiaji wa pili:
"Wekeni basi" ni rahisi kutamka. Boston, Marekani, mwaka 2017 walipewa na watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia, programu ya kompyuta ya kupanga upya saa za kengele, ili basi moja lizungukie shule kadhaa na vijana wa sekondari wapate kulala zaidi. Kihesabu ilikaa vizuri kabisa. Ratiba ilipotangazwa Desemba, wazazi wa watoto wadogo wakaona watoto wao wamesogezwa asubuhi mno, na mchana wanatoka kazi za wazazi hazijafika hata nusu. Wazazi wakaja juu, na haikuchukua muda mpango ukawekwa kando. Kompyuta ilijua kilomita. Haikujua kwamba mama anayelipwa kwa saa hawezi kumwambia bosi wake kengele imehama.

Mchangiaji wa tatu:
Kuna njia ya tatu: mtoto apande basi la abiria kama watu wengine. London tangu 2005 watoto walio chini ya miaka 16 wanapanda mabasi bure. Ila na hapo siasa imo. Mwaka 2020 korona ilipokausha nauli, serikali kuu iliweka kusitishwa kwa safari hizo za bure kuwa sharti mojawapo la kuiokoa mamlaka ya usafiri ya jiji. Mwishowe halikutekelezwa, lakini oneni: mahudhurio ya darasani yaliwekwa rehani katika mvutano wa meya na serikali, na hakuna mwalimu mkuu aliyekuwa na kiti kwenye kikao hicho.

Mleta mada:
Mwalimu, hoja yako ya walimu naikubali, tena nusu nzima. Shule iliyobaki gofu haimfai mtoto hata ikiwa mlangoni kwao. Ninachokataa ni kuita umbali "changamoto ndogo".

Mwaka 1929 Clarence Perry, Mmarekani aliyechora mpango wa mtaa wa makazi, aliiweka shule ya msingi katikati na barabara kubwa pembeni, ili mtoto asilazimike kuzivuka. Sisi tunajenga barabara ya njia sita, kisha shule ng'ambo, kisha tunabandika kibao cha "punguza mwendo".

Simameni siku moja kwenye kivuko cha namna hiyo. Taa ya waenda kwa miguu inawaka, mkubwa anamshika mdogo mkono, mkoba unadunda mgongoni. Wakiwa katikati taa inaanza kupepesa. Mdogo anataka kurudi, mkubwa anamvuta mbele, na pikipiki iliyokuwa imejificha nyuma ya lori inachomoka. Sekunde za taa ile alizipanga mhandisi aliyeangalia foleni ya magari. Hakukosea kazi yake. Hakuna aliyemwambia kuna shule.

Kwa hiyo napendekeza kitu kimoja, mkikosoe: idara ya barabara iweke sahihi kwenye kila uamuzi wa kufungua au kufunga shule, na gharama ya kivuko, mlinzi wake na basi iandikwe kwenye bajeti ileile inayodai kuokoa fedha.

Mchangiaji wa kwanza:
Hilo la bajeti moja nakuunga mkono. La sahihi, hapana. Nawajua watu wa barabara: faili litakaa kwao miaka miwili na watoto wangu bado wamebanana madarasa mawili kwa mwalimu mmoja. Nipe ukomo wa siku, ndipo tuongee.