Kurasa za bandia inazisoma, za babu zinaishinda: nimekosea wapi?

BintiPate: Wakuu, salaam. Niko mwaka wa tatu wa uzamivu, nusu utambuzi wa ruwaza, nusu michoro ya kompyuta. Naifundisha kompyuta isome miswada ya Kiswahili ya khati ya Kiarabu. Nilizo nazo zimetoka kwa jamaa zangu Pate na Lamu: barua, hesabu za jahazi, vipande vya tenzi. Kurasa 212, zote nimezinakili mwenyewe kwa herufi za Kilatini, na ukurasa mmoja ni jioni nzima.

Hazitoshi kufundishia, kwa hiyo natengeneza za bandia. Programu inageuza matini ya Kiswahili kuwa herufi za Kiarabu, kisha naukunja ukurasa kwa umbo la pande tatu, naumulika kwa taa ya ubavuni, natia madoa, matundu ya wadudu, wino uliopenya upande wa pili. Miezi minane! Mikunjo imetoka vizuri hadi mama aliniuliza barua ile ni ya nani.

Kurasa za bandia modeli, yaani programu ninayoifundisha kusoma, inakosea herufi 3 katika 100. Za kweli, 41. Msimamizi anataka niongeze uhalisia wa mwanga. Kamati inakaa baada ya wiki sita. Niongeze?

FundiPikseli: Usiguse mwanga, dada. Lile buli la Utah, umbo la kompyuta la kujaribia michoro alilolibuni Martin Newell mwaka 1975, ndilo lenye haki ya kung'aa. Karatasi kuukuu hutawanya mwanga kila upande, hesabu ya Lambert, ile ya mwanga kwenye uso usiong'aa, inatosha na kubaki. Fanya hivi: chukua kurasa tano za kweli, zifute madoa kwa mkono, zinyooshe, uipe modeli. Ikisoma, mchawi ni karatasi. Isiposoma, ni mwandiko. Na fonti umetumia ngapi?

BintiPate: Fonti nne. Nimezisafisha hizo tano usiku kucha: kutoka 41 hadi 38. Basi.

Kidato: Pole. Hizo 212 zimeandikwa na watu wangapi?

BintiPate: Saba. Mmoja peke yake ana kurasa 120.

Kidato: Basi ukianza kuchanganya za kweli kwenye mafunzo, gawa kwa mwandishi, si kwa ukurasa. Mkono uleule ukiwa kwenye mafunzo na kwenye mtihani, modeli inamkariri bwana huyo na wewe unashangilia bure. Mimi niliumbuka hivyo mbele ya kamati, sitaki kukumbuka.

Maalim_mstaafu: Mwanangu, kompyuta siijui, ila nimesomesha chuoni tangu ujana wangu. Hiyo programu yako inayogeuza, herufi *p* inaiandikaje?

BintiPate: Kwa be yenye nukta tatu chini, Maalim. Na *mb* ni mim na be.

Maalim_mstaafu: Wazee wengi hawakuandika hivyo. Be moja ilikuwa *b*, ikawa *p*, ikawa *mb*. Be mbili zenye fataha, alama ya *a*, ni baba, ni papa, ni pamba, ni bamba. Fe ni *f* na *v*. Kasra ni *i* na *e*, dhuma ni *u* na *o*. Barua ya mfanyabiashara ikisema amepakia magunia kumi ya be-be, hakuna msomaji atakayedhani amepakia baba zake. Na kwenye utenzi tunahesabu mizani, nane kwa kila kipande, tunaangalia na kina. Mashine yako inahesabu?

BintiPate: Haihesabu. Subirini kidogo.

Nimerudi. Nimepitia makosa ya kurasa kumi moja moja. Zaidi ya nusu ni hizohizo: *b* kwa *p*, *e* kwa *i*, *mb* imepotea. Yaani miezi minane nimechakaza karatasi ambayo juu yake pana tahajia ya kitabu cha juzi. Naandika upya kigeuzi leo, kiwe na uzembe wa wazee, halafu niweke hatua ya kupima mizani kwa tenzi.

FundiPikseli: Na zile fonti nne tupa. Tafuta watu waandike kwenye tableti, uchukue mapito ya kalamu, uyapindishe kidogo kidogo. Nukta za mkono huruka mbali na herufi yake, za fonti hazitikisiki.

BintiPate: Maalim, Ijumaa ya wiki ijayo nitakuwa Lamu. Naweza kukuletea tableti uniandikie kurasa mbili tatu?

Maalim_mstaafu: Njoo baada ya Alasiri. Lakini kalamu yangu ni ya mwanzi, hicho kioo chako kitakwaruzika.