Manowari ya matanga ikishatekwa: nini kiliamua idumu au ipasuliwe mbao?

Kihesa_Juu (Iringa)
Wakuu, habari za jioni. Naomba ufafanuzi. Duguay-Trouin ya Ufaransa ilitekwa na Waingereza mwaka 1805 ikadumu hadi 1949. Chesapeake ya Marekani ilitekwa 1813, na kufikia 1819 ilikuwa imeshauzwa. Mtekaji ni yuleyule, sasa tofauti ilitoka wapi? Na saa za mwanzo, bendera ikishashushwa, walifanya nini hasa? Vitabu vinaruka kutoka "ilijisalimisha" hadi "ikaingia jeshini", kana kwamba katikati hapakuwa na kazi.

Mwalimu_Tukuyu
Katikati ndipo meli nyingi zilipopotelea, Kihesa. Kwanza afisa na kikosi kidogo cha mabaharia walivuka kwa mashua, wakaweka ulinzi kwenye stoo ya baruti, maana mtu mmoja mwenye hasira na kibiriti cha jiwe angetosha kuwamaliza wote. Maafisa wa upande ulioshindwa walihamishiwa kwenye meli ya mshindi, mabaharia wao wakafungiwa chini ya sitaha. Papo hapo fundi seremala alishuka kupima maji ya ngama (sehemu ya chini kabisa ya meli) kwa fimbo ya chuma, akapima tena na tena ili ajue kama pampu zinayashinda au zinashindwa.

Matundu ya risasi za mizinga karibu na usawa wa maji yalizibwa kwa vigingi vya mbao vilivyochongwa kama pia, vikazungushiwa nyuzi za kamba kuukuu na mafuta, kisha juu yake bamba la madini ya risasi likapigiliwa misumari. Tundu likiwa chini ya maji, walishona nyuzi nyingi juu ya tanga kuukuu, wakalivuta kwa kamba kupita chini ya mkuku (uti wa chini wa meli) mpaka maji yenyewe yalisukume likabane kwenye tundu. Baada ya hapo ndipo waliposimamisha mlingoti wa muda, mara nyingi kwa foromali (boriti ya kuning'inizia tanga) iliyosalia, ili meli ishike mwelekeo. Meli isiyo na mlingoti huyumba vibaya sana, na kadiri inavyoyumba ndivyo viungo vinavyofunguka na maji kuongezeka.

Mfano mkubwa ni Trafalgar, pwani ya Hispania, ambako Waingereza walizishinda Ufaransa na Hispania 21 Oktoba 1805. Dhoruba iliingia baada ya mapigano, na kati ya meli zote zilizotekwa ni 4 tu zilizofikishwa Gibraltar: Swiftsure, Bahama, San Ildefonso na San Juan Nepomuceno. Algésiras ilirudishwa Cádiz na Wafaransa wenyewe, kwa kuwa walinzi walikuwa wachache na mateka walikuwa mamia. Wakati huo Duguay-Trouin haikuwa imetekwa. Iliponyoka Trafalgar na wenzake watatu, wakanaswa wote na Strachan, kamanda wa Kiingereza, karibu na rasi ya Ortegal, kaskazini mwa Hispania, tarehe 4 Novemba.

FundiMbao_Mafinga
Nakazia alipoishia Mwalimu, ila mimi naangalia mbao. Meli ikifika bandarini wakaguzi walitoboa mataruma (mbavu za meli) kwa keekee waone unga unaotoka: mkavu au mweusi wenye unyevu. Anayenunua paini za Sao Hill anajua mbao mbichi ikifungiwa mahali pasipo hewa inavyofanya. Mwaloni hauna tofauti, na ndani ya mbavu za meli hewa ni haba.

Tatizo la pili ni vifungo. Wafaransa walitegemea zaidi misumari na bolti za chuma, Waingereza walipendelea vigingi vya mbao. Mwaloni una asidi, na asidi hiyo hula chuma. Utaona doa jeusi kuzunguka kichwa cha msumari, mbao inalainika, msumari unalegea. Ukivalisha mwili wa meli mabati ya shaba huku bolti ni za chuma, kwenye maji ya chumvi chuma ndicho kinacholika, tena haraka. Kwa hiyo matengenezo ya meli ya Ufaransa yaliweza kumaanisha kung'oa bolti na kuweka za shaba, kuongeza viungo vya kukaza sitaha, na kukalafati upya (kuziba nyufa kati ya mbao). Meli zao zilisifiwa kwa mwendo, lakini nyingi zilijengwa nyepesi, zikipinda baharini.

Mizinga nayo ilibidi ibadilishwe. Ratili ya Ufaransa ni nzito kuliko ya Uingereza: risasi yao ya ratili 36 ina kilo 17.6 hivi, wakati kubwa ya kawaida ya Waingereza, ya ratili 32, ina kilo 14.5. Ukitia risasi ndogo kwenye mzinga mpana, moshi wa baruti unapita pembeni na nguvu inapotea. Hakuna stoo ya Uingereza ambayo ingelisha mizinga ile miaka yote.

Matema_Pwani
Kwetu kando ya Ziwa Nyasa, likitajwa jambo hili watu hukumbuka Hermann von Wissmann, iliyoshambuliwa Liuli Agosti 1914 ikiwa nchi kavu kwa matengenezo. Ile ilikuwa ya mvuke. Enzi za matanga kulikuwa na hatua ambayo hamjaigusa: mahakama ya ngawira, yaani ya mali iliyotekwa vitani. Bila hukumu yake meli haikuwa mali halali ya mtekaji. Ikishahukumiwa, jeshi la majini lilithamini mwili wa meli, milingoti, kamba na stoo, likainunua kutoka kwa walioiteka. Juu ya hapo ililipwa pauni 5 kwa kila mtu aliyekuwa ndani ya manowari ya adui pambano lilipoanza.

Kabla ya 1808 mgao ulikuwa wa mafungu 8: nahodha 3 (moja likienda kwa admirali wake), maafisa wa sitaha 1, maafisa wa ufundi 1, wasaidizi wao 1, na umati wote uliobaki 2. Kwangu mgao huo ulikuwa dhuluma. Waliokwenda kupiga pampu usiku kucha ili ngawira isizame ndio waliogawana hayo mawili, mamia yao.

Tena meli iliweza kutekwa mara tatu. Néréide, manowari ya Ufaransa, ilichukuliwa na Waingereza 1797, ikarudi kwa Wafaransa Agosti 1810 huko Grand Port, Mauritius, ikiwa imetobolewa hovyo. Desemba kisiwa kikaanguka, Waingereza wakaipata tena, lakini haikuwa meli ya kurudisha vitani. Iliuzwa 1816.

Kihesa_Juu
Asanteni sana. Basi Chesapeake ilikuwa imeoza?

Mwalimu_Tukuyu
Usianzie kwenye kuoza, anzia kwenye tarehe. Shannon, manowari ya Uingereza, iliiteka 1 Juni 1813 katika pambano ambalo halikuzidi robo saa, ikapelekwa Halifax, Kanada. Mwaka 1815 amani ikaja, na jeshi likawa na meli nyingi kuliko kazi. Iliyopona kipindi kile ni iliyopatiwa kazi ya bandarini au iliyopendwa kwa umbo lake. Franklin ya Ufaransa, iliyotekwa ghuba ya Abukir, Misri, katika Mapigano ya Nile 1798 na kuitwa Canopus, ilipendwa kiasi kwamba Waingereza walinakili michoro yake. Ilimalizia siku zake bandarini, ikavunjwa 1887. Duguay-Trouin ikawa Implacable, ikapigana Baltiki 1808 na pwani ya Shamu (Siria) 1840, na kuanzia 1855 ikawa shule ya vijana wa majini Devonport, Uingereza. Kazi hiyo ndiyo iliyoiokoa. Ilizamishwa kwa makusudi 2 Desemba 1949, ikipeperusha bendera za nchi zote mbili.

FundiMbao_Mafinga
Na mbao za Chesapeake zilikuwa nzima, angalau zile kubwa. Mnunuzi aliipasua, na 1820 boriti zake zikajengewa kinu cha kusaga nafaka kijijini Wickham, kusini mwa Uingereza. Kuta ni za matofali, ila boriti zinazobeba sakafu ni zilezile zilizobeba sitaha. Jengo bado limesimama.